Kuchimba mafuta hakutashusha bei ya sheli, na sola peke yake haitaishusha

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kila zikipanda, mabishano ya Dar es Salaam huanza upya palepale yalipoishia. Wapo wanaosema nchi imekalia utajiri wake, kwa hiyo tuchimbe mafuta yetu tuache kusubiri meli za watu. Wapo wanaosema zama za mafuta zinaisha, nguvu zote ziende kwenye jua, upepo na maji. Kundi la kwanza lilipata nguvu mpya Machi 2025, pale serikali ilipoeleza katika mkutano wa petroli wa Afrika Mashariki uliofanyika hapa Dar kwamba itanadi vitalu 26 vya utafutaji wa mafuta na gesi, baharini na Ziwa Tanganyika. Nje ya mnada huo, TPDC, shirika la mafuta la taifa, inaendelea na utafiti wake katika bonde la Eyasi-Wembere. Tangu hapo nimesikia watu wenye busara zao wakizungumzia vitalu hivyo kama dawa ya bei ya petroli. Naamini hapo tumeelewa vibaya, na kutoelewa huko kutatugharimu miaka. Kisima cha mafuta Tanzania hakitapunguza hata shilingi 50 kwenye lita inayouzwa Ubungo. Mitambo ya jua nayo haitaipunguza, maadamu magari yetu yanakunywa petroli na dizeli. Kinachoweza kumpunguzia mwananchi mzigo ni kubadili kinachoendesha bajaji, daladala, lori na treni, na malighafi ya kazi hiyo tunayo tayari.

Tuanzie kwenye lita yenyewe. Tanzania haisafishi mafuta. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni, kilichoanza kazi miaka ya 1960, kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo matangi yake ni ghala. Petroli na dizeli zote tunazotumia zinaingia zikiwa zimeshasafishwa, kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kwa utaratibu wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji huo. Bei ya pampu inaanza na bei ya soko la dunia kwa dola. Juu yake inakuja ziada anayodai mshindi wa zabuni ya kuleta shehena, kisha gharama za bandari na za meli zinazochelewa kushusha, kodi na tozo za serikali, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, na mwisho nauli ya lori, ndiyo maana lita ya Kagera ni ghali kuliko ya Dar kwa zaidi ya shilingi 200. Agosti 2022, miezi michache baada ya vita vya Ukraine kuanza, petroli Dar ilifika shilingi 3,410 hata baada ya ruzuku. Oktoba 2023 ilikuwa 3,281 na dizeli 3,448, ingawa pipa la mafuta duniani halikuwa limerudi kwenye kilele cha mwaka uliotangulia. Safari hiyo dola ilikuwa adimu, na shilingi, iliyoanza mwaka 2023 ikiwa karibu 2,300 kwa dola moja, ilivuka 2,600 mwaka uliofuata. Mambo mawili makubwa yanayoamua bei yetu, soko la dunia na thamani ya shilingi, hayapangwi Dodoma.

Sasa tuseme tumechimba. Utafutaji wa mafuta hapa ulianza 1952, BP na Shell walipopewa leseni ya pwani na visiwa. Zaidi ya miaka 70 baadaye hakuna pipa hata moja la mafuta ghafi lililozalishwa kibiashara katika ardhi yetu. Tulichopata ni gesi: Songo Songo 1974, Mnazi Bay 1982, kisha kwenye kina kirefu cha bahari kuanzia 2010. Hebu tuangalie muda uliopita kati ya kugundua na kutumia. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa. Ile ya kina kirefu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya futi za ujazo trilioni 57.54 zinazotajwa kila bajeti, inasubiri mradi wa LNG wa Lindi, yaani wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika ili isafirishwe kwa meli, na mazungumzo yake na Equinor, Shell na wenzao yamevuka awamu kadhaa za uongozi. Uganda waligundua mafuta 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulitolewa Februari 2022, miaka 16 baadaye. Kwa mwendo huo, hata kama mwekezaji wa kitalu kimoja kati ya vile 26 atabahatika kwenye kisima chake cha kwanza, mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu huenda akawa ameshamaliza chuo kabla mafuta hayo hayajapanda melini.

Nasema melini kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko yatakakokwenda. Kampuni inayochimba chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji huuza fungu lake kwa bei ya dunia, na nchi nayo huuza lake kwa bei hiyohiyo, la sivyo inajipunguzia mapato yake yenyewe. Bomba la EACOP limewachanganya wengi hapa. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, likipita mikoa yetu minane, na nimesikia ikisemwa kwamba likianza kazi, petroli itashuka. Ndani ya bomba hilo kutapita mafuta ghafi ya Uganda, mazito kiasi cha kulazimu bomba lipashwe joto, na kutoka Chongoleani yatapakiwa kwenda nje. Sisi tutapata ada ya kupitisha, ajira na gawio la hisa za asilimia 15 ambazo TPDC inazo katika bomba hilo. Ni faida halali. Kwenye sheli ya Kimara, hata hivyo, haitaonekana.

Mfano wa nchi zinazochimba kwa wingi unapaswa kufunga mjadala huu, na nashangaa hautajwi mara nyingi. Nigeria ilipata mafuta Oloibiri mwaka 1956 na kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa Afrika, lakini ilikuwa inaagiza karibu petroli yake yote kutoka nje mpaka kiwanda cha Dangote kilipoanza kuizalisha mwaka 2024. Ruzuku ilipoondolewa mwishoni mwa Mei 2023, lita ilitoka chini ya naira 200 hadi kuzidi 500 ndani ya siku chache. Marekani imekuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani tangu 2018. Juni 2022 wananchi wake walilipa wastani wa zaidi ya dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza katika historia yao. Norwei, inayouza mafuta na gesi kwa nchi nyingi za Ulaya, ina petroli ya bei ya juu mno kwa raia wake, na mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Mahali ambapo petroli ni rahisi kwa sababu imechimbwa nyumbani, serikali inalipia tofauti kutoka mfuko mwingine, na sisi hatuna mfuko huo.

Hata hivyo wanaotaka kuchimba wana hoja moja nzito, na wanaowapinga huipita haraka mno. Nchi inayouza nje nishati inapata dola, na dola zikiwepo, shilingi haiyumbi kama ilivyoyumba 2023. Mapato hayo pia yanajenga shule na hospitali. Lakini hiyo ni hoja ya mapato ya taifa, ipimwe kwa vigezo hivyo: mkataba una masharti gani, fedha zinakwenda wapi, watu wa eneo wanapata nini. Mtwara walituonyesha Mei 2013, vurugu zilipozuka juu ya bomba la kuleta gesi Dar, kwamba swali la nani anafaidika haliwezi kuachwa mpaka mitambo imeshafika. Kuuza vitalu kwa wananchi kwa ahadi ya petroli ya bei nafuu ni kukwepa swali hilo, na ahadi hiyo isipotimia, wa kwanza kukosa imani watakuwa watu wa Lindi, Kigoma na Singida.

Upande wa nishati jadidifu nao una udhaifu wake, na nausema nikiwa mtu ninayetamani ufanikiwe. Wanasema tukijaza paneli na mitambo ya upepo, tutaagana na petroli. Jirani zetu Kenya wanapata takriban asilimia 90 ya umeme wao kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua, rekodi ambayo nchi chache duniani zinayo. Septemba 2023 petroli Nairobi iliuzwa shilingi 211.64 za Kenya kwa lita. Umeme safi haukuwaokoa kwa sababu matatu na bodaboda hazichomekwi kwenye soketi. Nishati ya umeme na nishati ya kuendesha magari ni mifuko miwili tofauti mpaka mtu atengeneze njia ya kuunganisha. Hapa kwetu hali hiyo ilijionyesha wazi zaidi. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, uliwashwa, na hazikupita wiki nyingi TANESCO ikazima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Bwawa hilo sasa lina mitambo yote tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo kulikuwa na kipindi ambacho nchi hii ilizima umeme uliokosa mnunuzi, huku waagizaji wakihangaika kutafuta dola za kulipia shehena za petroli. Nadhani ukweli huo mmoja una uzito kuliko hotuba zote za kuchimba na za kutochimba.

Daraja kati ya mifuko hiyo miwili limeshaanza kujengwa Dar, na waliolianza ni madereva. Ukipita jioni kwenye kituo kimojawapo cha kujaza gesi ya magari utakuta bajaji zimejipanga hadi nje barabarani, nyuma yake magari ya teksi mtandao, madereva wameshuka wanapiga soga huku wakichungulia mbele. Zamu ikifika abiria anashuka, dereva anafungua sehemu ya kujazia, mhudumu anachomeka bomba, na macho ya wote yanakwenda kwenye saa ya mgandamizo. Umeme ukikatika kompresa inasimama, na foleni nzima inasimama nayo. Mtu hakai saa nzima pale kwa kupenda. Anakaa kwa sababu ya hesabu. Kilo moja ya gesi imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550, na nishati iliyomo inakaribia ya lita moja na nusu ya petroli. Petroli ikiwa 2,900, lita moja na nusu ni 4,350. Kwa dereva anayezunguka kutwa nzima kati ya Mbezi na Kariakoo, tofauti hiyo ndiyo ada ya shule na kodi ya chumba. Tena bei ya gesi hairukiruki na habari za vita. Baadhi ya mikataba ya kuinunua kisimani imeandikwa kwa dola, hilo lazima lisemwe, lakini gesi haifuati bei ya pipa duniani, na inasafiri kwa bomba letu la kilomita 542 kutoka Mtwara bila kupanda meli wala kupita kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhamie gesi wakati nayo ni nishati ya kisukuku inayochafua hewa na itakayoisha. Hoja hiyo naiheshimu. Gesi inapovuja kabla ya kuungua inaongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa, kwa hiyo vituo na mitungi vinahitaji ukaguzi wa kweli, si stika. Kuhusu kuisha, leseni ya Songo Songo ilitolewa 2001 kwa miaka 25, na visima vyake si vya milele. Hapa ndipo ningewaunga mkono wachimbaji kwa moyo wote: Ntorya, mkoani Mtwara, gesi imeshagunduliwa nchi kavu, leseni ya kuiendeleza ilitolewa 2024, na umbali hadi mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba na bomba kuu ni mfupi. Kisima cha Ntorya kinaweza kumfikia dereva wa bajaji ndani ya miaka michache. Kisima cha Eyasi, kikipatikana, kitafikia soko la Rotterdam. Tofauti hiyo ilipaswa kuwa kiini cha mjadala wetu wa kuchimba, lakini tunazungumza kana kwamba kila kisima ni sawa na kingine.

Tatizo la gesi lililo kubwa kuliko yote ni uchache wa vituo na gharama ya kuanza. Kufunga mfumo kwenye gari dogo kumekuwa kukigharimu kati ya shilingi milioni 1.5 na 2, fedha ambayo dereva anayelipa hesabu kwa bosi kila jioni hana. Linganisha na tulivyofanya 2022. Kuanzia Juni mwaka ule serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei. Sikatai kwamba wakati ule watu walikuwa wanaumia na hatua ilihitajika. Lakini ukigawa bilioni 100 kwa milioni 2 unapata magari 50,000 yaliyofungwa mfumo wa gesi, kwa ruzuku ya mwezi mmoja tu. Ruzuku ya petroli iliungua ikaisha, na mwaka uliofuata bei ikapanda tena. Wala haikuzuia nauli. LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, waliruhusu daladala za safari fupi kupanda kutoka shilingi 500 hadi 600 mwishoni mwa 2023, na petroli iliposhuka baadaye, nauli ilibaki palepale. Abiria wa Gongo la Mboto amelipia mlima wote, mteremko hakuuona.

Dizeli ni ngumu zaidi, na ndiyo inayogusa sahani. Viazi vya Njombe, mchele wa Mbeya, ndizi zinazoshushwa Mabibo usiku, vyote vinakuja kwa lori la dizeli. Mtungi wa gesi hautoshi kwa lori la Tunduma kama hakuna kituo cha kujazia Morogoro, Iringa na Makambako, na mwenye lori hawezi kujenga kituo hicho mwenyewe. Kwa hiyo kwa mizigo ya masafa marefu jibu la karibu ni reli. SGR, reli mpya ya umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro katikati ya 2024, kisha ikafika Dodoma. Kila tani inayohama kutoka lori kwenda treni hiyo inaacha kuhitaji dizeli ya kuagiza na inaanza kutumia umeme wa Rufiji, ule uliokuwa unakosa mnunuzi. Ningependa kuona mizigo ikipewa kipaumbele kilekile walichopewa abiria, kwa sababu abiria wa treni anaokoa muda wake mwenyewe, lakini behewa la mizigo linashusha bei ya mchele kwa watu ambao hawatapanda treni hiyo kamwe.

Ndani ya jiji mambo ni rahisi zaidi. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 ulianza na mabasi ya dizeli. Mabasi yaliyoletwa 2025 kwa njia ya Mbagala yanatumia gesi, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Kwa awamu zinazofuata, hesabu ya basi la umeme ifanywe kwa uwazi, kwa sababu basi linalorudi karakana kila usiku linaweza kuchajiwa saa ambazo viwanda vimelala na mitambo ya Rufiji haina kazi. Bodaboda za umeme zenye betri ya kubadilisha nazo zinastahili zaidi ya kuonyeshwa kwenye Sabasaba. Ila umeme wenyewe lazima uaminike. Mgawo wa mwishoni mwa 2022 na wa 2023 bado haujasahaulika, na bwawa linategemea mvua. Hapo ndipo mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, unaoanza na megawati 50, unapata maana yake halisi: jua linapokuwa kali na mto umepungua, paneli zinayatunzia mabwawa maji ya usiku. Jua na upepo vikiwekwa kwenye nafasi hiyo vinaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya nauli.

Limebaki jambo ambalo Wizara ya Fedha inalijua vizuri kuliko wanaharakati wa pande zote mbili. Kila lita ya petroli na dizeli inabeba tozo zinazojenga barabara na kupeleka umeme vijijini. Bajeti ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwa lita, ya 2025/26 ikaongeza 10. Dereva akihamia gesi au umeme, anaendelea kutumia barabara ileile lakini mchango wake unapungua, na kadiri tunavyofanikiwa kuhama ndivyo pengo litakavyokua. Kishawishi kitakuwa kuitoza gesi haraka, kabla hata vituo havijaenea. Hilo litaua mabadiliko yakiwa bado machanga. Ninachopendekeza Bunge lifanye katika bajeti ijayo ni kuweka kwenye sheria kipindi kinachojulikana, tuseme miaka saba, ambacho gesi ya magari na umeme wa kuchaji havitaguswa na tozo yoyote mpya, na baada yake yaje malipo ya barabara kwa kufuata uzito wa gari. Malori yanayoharibu lami yalipe zaidi, bajaji ilipe kidogo. Benki zikishajua muda huo, zinaweza kumkopesha dereva mtungi kwa miaka miwili au mitatu, na yeye akasaini akijua deni litakwisha kabla tozo haijamfikia.